Noti Halali Huanza Kujulikana kwa Vidole

Mhadhara kwa wafanyabiashara wa nafaka na mawakala wa huduma za fedha, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa masoko, na ninyi ndugu zangu mliofika Dodoma kutoka Kibaigwa, Chamwino, Mpwapwa na Singida, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nieleze alama za usalama zilizomo kwenye noti, nami nitazieleza. Lakini tangu mwanzo naomba mshike jambo moja ninaloliamini kwa dhati, kwamba alama zile zilizo muhimu kuliko zote ziliwekwa kwa ajili ya mtu anayepokea fedha akiwa amesimama, mteja yuko mbele yake, foleni iko nyuma ya mteja, na ana sekunde chache tu za kuamua.

Kughushi noti ni uovu wa zamani kama noti zenyewe. Noti za utawala wa kifalme wa Ming kule China, katika karne ya 14, zilichapwa juu yake onyo la adhabu ya kifo kwa mghushi na ahadi ya zawadi kwa atakayemfichua. Onyo halikutosha wakati ule na halitoshi leo. Kwa hiyo mbunifu wa noti wa siku hizi hajiwekei lengo la kutengeneza kitu kisichoigika kabisa. Lengo lake ni kwamba anayetaka kuiga atumie gharama kubwa, na anayepokea agundue upesi.

Tuanze na karatasi, maana waghushi wengi hushindwa hapo kabla hata hawajagusa wino. Karatasi ya daftari na ya ofisini hutokana na miti, ilhali karatasi ya noti nyingi duniani hutokana na nyuzi za pamba. Ndiyo sababu noti mpya hukakamaa mkononi na kutoa mlio mkavu ukiitikisa, na ndiyo sababu inaweza kukunjwa mara nyingi bila kukatika. Zipo nchi zilizoacha pamba na kutumia plastiki laini. Australia ilitangulia mwaka 1988, baada ya noti zake za dola kumi kughushiwa mara tu zilipoanza kutumika mwaka 1966, na wanakemia wake wakafanya kazi kwa miaka mingi kutafuta dawa ya tatizo hilo. Noti zetu sisi ni za karatasi, kwa hiyo nitabaki kwenye karatasi.

Ndani ya karatasi hiyo kuna kivuli cha Mwalimu Nyerere, ambacho wataalamu hukiita alama ya maji. Hapa naomba tukae kidogo. Kivuli hicho hakichapwi. Hutengenezwa wakati karatasi ingali ujiuji, kwa silinda ya wavu iliyofinyangwa sura. Panapoinuka wavu nyuzi hukaa chache, panapobonyea hujaa, na karatasi ikikauka hubaki nyembamba huku na nene kule. Ukiinyanyua kuelekea dirishani, sehemu nyembamba hupitisha mwanga na sehemu nene huuzuia, na uso unajitokeza kwa weusi na weupe unaoshuka polepole, kutoka kwenye paji la uso hadi shavuni, bila mstari wa kuugawa. Mghushi asiye na kiwanda cha karatasi hulazimika kuuchora uso huo kwa wino hafifu au kwa mafuta. Basi ilaze noti mezani. Kivuli cha kweli hufifia mwanga usipopita nyuma yake, lakini kilichochapwa hubaki kinaonekana vilevile, na mara nyingi kina ukingo mkali kama wa muhuri. Ufundi huu ulianzia Fabriano, Italia, katika karne ya 13, nao mpaka leo haujapata mbadala rahisi.

Sambamba na kivuli kuna uzi wa usalama, uliopitishwa ndani ya karatasi ilipokuwa ikitengenezwa. Benki Kuu ya Uingereza ilitia uzi wa metali kwenye noti zake mwaka 1940. Uzi uliochorwa kwa rangi ya fedha juu ya karatasi hukwanguka kwa ukucha. Wa kweli haukwanguki.

Sasa vidole. Sura na maandishi makubwa ya noti huchapwa kwa bamba la chuma lililochongwa mifereji. Wino hujazwa katika mifereji, uso wa bamba hufutwa, kisha karatasi hugandamizwa kwa nguvu kubwa mno hata ikaingia ndani ya mifereji na kutoka na wino. Kwa hiyo wino haukulala juu ya karatasi. Umenyanyuka pamoja nayo, na ukipapasa unahisi mparuzo. Printa ya ofisini haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa hunyunyiza nukta za rangi zilizo bapa. Mwenye kioo cha kukuzia na alitazame jicho la sura iliyochorwa kwenye noti: kwenye halali ataona mistari mizima, myembamba, inayokutana bila kumwagika; kwenye bandia ataona vumbi la nukta za rangi mbalimbali. Sura ya kiumbe, awe mtu au tembo wa noti ya elfu kumi, humsaidia mtazamaji, kwani macho yetu hutambua haraka uso uliokosewa, hata kama mwenye macho hawezi kueleza kosa liko wapi.

Zipo pia alama zinazohitaji kugeuza noti, kama vile wino unaobadilika rangi, na zipo zinazosomwa na mashine tu. Mwaka 2002 Markus Kuhn, mtafiti wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alibaini mpangilio wa viduara vidogo kwenye noti za Ulaya ambao huzifanya mashine za kurudufisha za rangi zikatae kazi. Hayo tuwaachie wahusika.

Ninalotaka kulisema kwa mkazo ni juu ya taa yenye mwanga wa zambarau, ambayo wengi mmeinunua na kuiamini kupita kiasi. Taa hiyo hufanya kazi kwa sababu karatasi ya kawaida hutiwa kemikali ya kung'arisha weupe, nayo huwaka samawati chini ya mwanga ule, wakati karatasi ya noti hubaki na giza isipokuwa pale palipowekwa wino maalumu. Lakini kemikali hiyohiyo imo kwenye sabuni nyingi za unga. Dereva wa bodaboda akifua suruali na noti ya elfu tano mfukoni, noti halali kabisa inaweza kuwaka taani, na mama muuza mchele pale Majengo akamkatalia mteja mwaminifu mbele ya watu. Kalamu za kupimia nazo zina udhaifu wao: zina madini joto yanayogeuka meusi yakikutana na wanga, basi karatasi isiyo na wanga hupita, hata kama kilichochapwa juu yake ni uongo. Taa iwe shahidi wa pili. Papasa, tazama kivuli, geuza, kisha washa taa.

Na jambo hili lifanyike kungali na mwanga. Msimu wa mahindi, malori yakiwa yanapakia Kibaigwa jua likizama, mabunda hupokelewa kwa haraka. Atakaye kuchomeka noti bandia huichomeka katikati ya bunda, hakuna anayeiweka juu. Tofautisheni pia bandia na iliyoondolewa: noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zilikuwa halali, ila Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko na kuweka muda wa kuzibadilisha kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025.

Ukishaikuta bandia, usiirudishe sokoni. Kuipitisha kwa mwingine ukijua ni kosa la jinai. Andika uliipokea wapi, saa ngapi na kwa nani, kisha uipeleke polisi au benki. Hakuna atakayekulipa thamani yake, na ninajua hapo panauma. Kwa hiyo fungueni kila bunda na mlihesabu noti kwa noti, mlipaji akiwa bado amesimama mbele yenu, kabla lori lake halijashika barabara ya Morogoro.