Jean Augustine na hoja isiyostahimili "hapana" moja

Mabibi na mabwana, nianze na kanuni ya Bunge, maana ndiko ustadi wa Jean Augustine, mbunge wa zamani wa Kanada, unakoonekana. Katika Bunge la Kanada, hoja inayoletwa kwa ridhaa ya wote hufa pale pale mbunge mmoja akisema "hapana". Wingi hauisaidii.

Mwaka 1995 Bunge lile lilikuwa na viti 295. Kambi rasmi ya upinzani ilikuwa Bloc Québécois, chama kinachotaka Quebec ijitenge, na kura ya maoni ya kujitenga ilikuwa imepigwa tarehe 30 Oktoba. Chama cha Reform nao hawakutaka serikali igharamie masuala ya tamaduni za wahamiaji. Katika hali hiyo, mwezi Desemba, hoja ya Augustine ya kuutambua Februari kuwa Mwezi wa Historia ya Watu Weusi ikapita bila pingamizi.

Ilipitaje? Tazameni ilichoacha kuomba. Haikudai fungu la bajeti, haikubadili sheria, haikuigusa mitaala, ambayo nchini Kanada ni mali ya majimbo. Wala haikuwa ngeni: Toronto ilikuwa ikiutangaza mwezi huo tangu 1979. Kuna wanaoiita hoja tupu, nami nawakubalia nusu. Haikuifunga hata Seneti, baraza la pili la kutunga sheria, ambayo ilipitisha yake mwaka 2008 tu, kwa hoja ya Seneta Donald Oliver.

Augustine alizaliwa Grenada mwaka 1937, akafundisha huko. Kanada aliingia mwaka 1960 kupitia mpango wa watumishi wa nyumbani kutoka Karibi: uwe mwanamke asiye na mume wala mtoto, umri kati ya 18 na 35, umefika darasa la nane, ukubali kutumikia nyumba ya mtu mwaka mzima. Ndipo upate ukaazi. Yaani mwalimu alipitia mlango wa jikoni! Baadaye akarudi chuoni, akafundisha Toronto hadi akawa mwalimu mkuu, huku akihudumu kwenye kamati za jamii. Mwaka 1993 akachaguliwa katika jimbo la uchaguzi la Etobicoke—Lakeshore, mwanamke Mweusi wa kwanza katika Bunge hilo.

Mwaka 2007 jimbo la Ontario likamteua Kamishna wa Haki. Ofisi hiyo hukagua jinsi bodi za taaluma zinavyotoa leseni: wanadai hati gani, wanachukua muda gani, na kwa nini aliyesomea ng'ambo anakataliwa.