Pasipoti ya Bibi

Wakubwa shikamooni, na rika langu habari za jioni. Mwenyekiti amenipa nusu saa nizungumzie swali moja, nani hasa ni Mwairishi, aliyezaliwa Ayalandi au hata mjukuu wa aliyehama, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja.

Nianzie darajani. Kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, kwenye milima ya Donegal, kuna daraja dogo la mawe juu ya kijito. Kwa Kiairishi linaitwa Droichead na nDeor, Daraja la Machozi. Kijana aliyekuwa akienda kupanda meli bandarini Derry alisindikizwa na nduguze mpaka hapo. Wao wakageuka, yeye akakaza mwendo. Usiku wa kuamkia safari nyumba nzima ilikuwa imekesha: watu wamekunywa, wamecheza, na bibi wazee wamemlilia kwa sauti kama maiti. Ndiyo, walimkalia matanga naye yuko hai, yupo mle mle ndani, anasikia kila kitu. Tusiwacheke. Aliyevuka bahari kwenda Marekani miaka hiyo mara nyingi hakuonekana tena.

Mnajua kilichowasukuma. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi, na maskini wa Ayalandi walikuwa hawana kingine cha kutegemea. Mpaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja wamehama, huku nafaka na mifugo ikiendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 kisiwani. Hadi leo kisiwa kizima hakijarudi kwenye idadi hiyo. Ila Marekani peke yake, zaidi ya watu milioni 30 huiambia sensa kwamba asili yao ni Ayalandi.

Sasa yule aliyeliliwa matanga, mjukuu wake ni nani?

Mwenyewe atakuambia ni Mwairishi. Tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ingia jikoni kwake New York: sufuria imejaa kabichi na nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye maji ya chumvi siku kadhaa. Chakula cha nyumbani hicho, atasema. Lakini mkulima wa kule alikokuja babu yake alikula kabichi na nyama ya nguruwe, tena siku akiipata. Ng'ombe alikuwa wa kuuza. Nyama ya ng'ombe walikuja kuimudu New York, buchani kwa Wayahudi. Kwa hiyo chakula cha nyumbani kilizaliwa ugenini. Mimi sioni uongo hapo. Naona watu waliopika kumbukumbu kwa vitu vilivyokuwapo sokoni.

Juni 1963 Rais John F. Kennedy alifika New Ross, bandari ya Ayalandi aliyotokea babu wa baba yake, Patrick. Akawaambia watu kwamba mzee yule asingeondoka, huenda yeye leo angekuwa kibarua kwenye kiwanda cha mbolea pale ng'ambo ya mto. Watu wakacheka. Kisha akaenda kunywa chai na binamu zake shambani Dunganstown.

Kisheria, lakini, mlango una kipimo chake, na kipimo ni bibi au babu. Kama mmoja wao alizaliwa kisiwani, unaandikishwa kwenye daftari la waliozaliwa nje na unapata pasipoti, hata kama hujawahi kukanyaga Dublin. Timu ya taifa ya mpira ilijengwa juu ya bibi hao. Stuttgart, 1988, Ayalandi inaifunga Uingereza 1-0: mfungaji ni Ray Houghton, mzaliwa wa Glasgow, na kocha Jack Charlton ni Mwingereza mtupu! Tony Cascarino, kijana wa Kent, aliichezea nchi hiyo mechi 88 kwa jina la babu mzaa mama. Baadaye akagundua kwamba mama yake alikuwa mtoto wa kulea, kwa hiyo damu ya Ayalandi hana hata tone. Kanuni zilikuwa upande wake, maana mtoto wa kulea ni mtoto. Bado alikiri kwamba jambo lile lilimsumbua. Hapo ndipo penye utamu wa mada hii.

Uingereza mambo yalikuwa machungu zaidi. Mabomu ya Birmingham ya Novemba 1974, yaliyohusishwa na IRA, wapiganaji wa Kiairishi waliopinga utawala wa Uingereza kaskazini mwa kisiwa, yaliua watu 21, na Waairishi wa mji ule wakajifunza kunyamaza kwenye basi, maana lafudhi ilitosha kukuponza. Maandamano yao ya Mtakatifu Patrick yalisimama mpaka 1996. Na watoto waliokulia humo, wakienda likizo kwa bibi zao huko Mayo, magharibi mwa Ayalandi, walipokelewa kama Waingereza. Lipo na jina la kejeli: Mwairishi wa plastiki. Ukiniuliza mimi, hao ndio walioulipia Uairishi wao bei kubwa kuliko wa Boston.

Mwaka 1990 Rais Mary Robinson wa Ayalandi aliweka taa kwenye dirisha la ikulu, iwake kwa ajili ya waliohama wote. Katiba nayo, tangu Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, ule wa amani ya Ayalandi ya Kaskazini, inataja mapenzi ya taifa kwa watu wenye asili yake walioko nje. Maneno mazuri, ingawa raia aliyehamia Sydney hapigi kura ya bunge.

Halafu ikaja Juni 2004. Wahamiaji, Waafrika wakiwamo, walikuwa wanajifungua Dublin, na mtoto alikuwa raia kwa kuzaliwa tu. Wananchi wakaulizwa kama katiba ibadilishwe kuiondoa haki hiyo. Karibu asilimia 79 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Tangu 2005 mtoto wa wageni huangaliwa kwanza mzazi wake amekaa nchini kihalali miaka mingapi.

Kwa hiyo yupo mtu Chicago, pasipoti anayo, anauliza Galway iko upande gani. Na yupo binti wa mitaa ya Dublin, anaongea kama muuza samaki wa Moore Street, shuleni anasoma Kiairishi kila siku, na mama yake bado anahesabu miaka ya vibali. Naona mkono pale nyuma. Karibu, dada.