Uji wa saa nne

REHEMA: Salim, juzi nimetoka kikao cha wazazi na mpaka leo moyo haujatulia.

SALIM: Wasikilizaji, dada Rehema akianza bila salamu mjue kuna jambo.

REHEMA: Asalaam aleikum wote. Tuliitwa kuzungumzia matokeo ya darasa la saba, tukaishia kwenye mchango wa uji wa shule. Aliyechangia, mwanawe anakunywa. Asiyechangia, mwanawe anakaa chini ya mwembe mpaka wenzake wamalize. Nimemwona wa darasa la pili, kikombe cha plastiki amekificha ndani ya shati.

SALIM: Kikombe anacho, jina kwenye daftari halimo.

REHEMA: Ndiyo hivyo.

SALIM: Na sisi tulipanga kuanza na uandikishaji. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, madarasa ya kwanza yamefurika, hapa Pangani, mkoani Tanga, na kwingine.

REHEMA: Kufurika ni heri, watoto wameingia shule. Ila ruzuku ya serikali ya kuendesha shule ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Igawe kwa siku 194 za masomo: shilingi 51 na kitu. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, na ukarabati. Uji utoke wapi? Mimi nasema mchango uwe lazima.

SALIM: Hapo siko nawe. Waraka wa elimu wa serikali namba 5 wa 2015 ulifuta michango ya lazima.

REHEMA: Na waraka wa 2016 ukasema chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi.

SALIM: Sawa, lakini kusi likivuma wiki nzima, ngalawa imelala mchangani, mvuvi atoe nini? Atamwambia mtoto abaki nyumbani. Uandikishaji wote ule utakuwa wa kwenye daftari tu.

REHEMA: Si lazima fedha. Alete mahindi, alete kuni, mama aje siku moja kupika.

SALIM: Na asiyeleta kabisa?

REHEMA: Kamati ya shule imfuate yeye. Mtoto anywe.

SALIM: Basi si lazima tena hiyo.

REHEMA: Ni lazima kwa mzazi, si kwa mtoto!

SALIM: Dada, anayerudishwa nyumbani siku zote ni mtoto. Sijaona kamati iliyomfuata baba ufukweni.

REHEMA: Na mimi sijaona mtoto mwenye njaa akishika hesabu za saa tano. Matokeo mabaya tunawatupia walimu, tumbo hatulitaji.

SALIM: Hilo silipingi. Napinga kulazimisha.

REHEMA: Basi hatujakubaliana.

SALIM: Hatujakubaliana. Na muda umekwisha. Yale mambo matatu tuliyopanga kumwambia mzazi leo hatujagusa hata moja, wala la mwaka 2027, darasa la sita na la saba watakapomaliza shule ya msingi pamoja.

REHEMA: Yatapata kipindi chake. Wazazi wenzangu, kikao kinaendelea Jumamosi. Na akina baba mje, juzi mlikuwa wachache mno.