Rondo, kabla na baada ya barabara

Ndugu zangu, wengi wenu mmefika ukumbini kwa barabara kuu ya I-94. Mlipokaribia katikati ya jiji la Saint Paul, hapa Minnesota, Marekani, mlikuwa mnapita juu ya mtaa wa watu. Uliitwa Rondo.

Ulikuwa mtaa wa Weusi, wenye makanisa, vinyozi na wahudumu wa mabehewa ya treni waliokuwa na nyumba zao wenyewe. Barabara ilianza kuukata mwaka 1956. Ilipokamilika mwaka 1968, familia zaidi ya 600 zilikuwa zimepoteza makazi. Na njia nyingine ilikuwepo: mpangaji miji George Herrold alipendekeza ipite kaskazini, kandokando ya reli. Hakusikilizwa.

Mchungaji George Davis, mtu mzima, aligoma kuhama. Polisi walikuja kumtoa, na mjukuu wake amesimulia alivyowaona wakitoboa kuta kwa mashoka na nyundo ili nyumba isikalike tena. Kila nikifika hapa roho inaniuma, maana mtoto yule alikuwa amesimama pale anatazama.

Mwaka 2015 meya Chris Coleman aliomba radhi. Ni jambo jema. Lakini wengi waliostahili kuisikia walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Sasa niwape upande wa pili. Reli ya Green Line, inayopita University Avenue jirani kabisa na Rondo, mwanzoni ilipangwa bila vituo vya Western, Victoria na Hamline. Treni ingewapita watu wasio na magari, wakiiona tu dirishani. Safari hii watu hawakusubiri. Wazee wa Rondo, Wahmong (jamii yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki) na waumini wa makanisa walijaa mikutanoni miaka kadhaa, wakaibana hesabu ya serikali kuu iliyopima gharama na dakika bila kuuliza nani anaachwa. Mwaka 2010 kanuni ililegezwa, vituo vyote vitatu vikaingia. Treni ilianza mwaka 2014.

Leo kundi la ReConnect Rondo linataka daraja pana la ardhi juu ya I-94, litakalobeba nyumba na maduka. Jiji nalo limeanzisha Mfuko wa Urithi wa kuwasaidia wajukuu wa waliofukuzwa kununua nyumba. Nauunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Ila sisi tuliotoka Mombasa, Kisumu na Bukavu tunapanga humu humu, kodi inapanda. Mkiitwa mkutanoni, nendeni mapema, kaeni mbele, muulize: hati za nyumba hizo zitaandikwa jina la nani?