Dada 22 wa Howard na wodi ya kujifungulia kule Thika

Hamjambo wapendwa wangu! Leo niko Washington, na hapa nyuma yangu ni Chuo Kikuu cha Howard. Wengi mmeniuliza wale kina mama wa nguo nyekundu na krimu ni kwaya ya kanisa gani. Si kwaya. Ni sororiti, chama cha udada cha wasichana wa chuo, na jina lake ni Delta Sigma Theta.

Kilizaliwa hapa tarehe 13 Januari 1913. Waanzilishi 22 walikuwa tayari ndani ya Alpha Kappa Alpha, sororiti ya kwanza ya wanafunzi weusi, iliyoanzishwa hapahapa mwaka 1908. Wakataka jina jipya, rangi mpya, na zaidi ya yote chama kitoke nje ya geti kishughulikie mambo ya jamii. Nellie Quander, dada yao aliyekuwa ameshahitimu, akakataa katakata. Basi wakajitoa. Alpha Kappa Alpha nayo ikasimama imara. Kamala Harris ni wa huko.

Sasa sikilizeni jambo linalonigusa. Hata miezi miwili haijaisha, tarehe 3 Machi, wasichana hawa wakaingia barabarani kwenye maandamano ya kudai haki ya wanawake kupiga kura. Baadhi ya waandalizi wazungu hawakutaka weusi watembee pamoja nao. Wanaume waliojaa kando ya njia waliwatukana na kuwasukuma waandamanaji. Wasichana hawa wakatembea hivyo hivyo, pamoja na mama Mary Church Terrell, mwanaharakati mkubwa wa wakati huo. Mabinti wa chuo, jamani! Mimi ninawaheshimu sana.

Mwaka 1914 wakafungua tawi la pili, Wilberforce, Ohio. Leo matawi yamepita 1,000. Nguvu yao ni kwamba ukihitimu huachi chama: unahamia tawi la waliohitimu, unaendelea kulipa ada, unasaidia kusomesha wadogo zako. Dorothy Height aliwaongoza kuanzia 1947 hadi 1956 huku akipigania haki za weusi. Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani, naye alikuwa Delta.

Na watu wa Thika, hii ni yenu: fedha za dada hawa zilisaidia kujenga wodi ya kujifungulia katika hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick. Waulizeni mama na nyanya zenu. Aliyezaliwa pale aniandikie hapo chini, nami nitawasomea dada hawa ujumbe wake.