Kuruka gia: mwendo kwanza, namba baadaye

Ndugu madereva, na nyinyi wakufunzi mlioketi nyuma, karibuni.

Swali la leo ni fupi. Ukiwa gia ya nne, ni lazima upitie ya tatu ndipo uingie ya pili? Si lazima. Mwanafunzi hufundishwa kupanga moja mpaka tano na kupangua tano mpaka moja, na kwa wiki za mwanzo ni sawa, mkono unazoea njia. Shida ni kwamba anatoka pale akiamini giaboksi inahesabu. Giaboksi haijui kuhesabu. Inachotaka ni mzunguko wa injini ulingane na mwendo wa magurudumu kwa gia uliyoichagua. Vikilingana, umetoka gia gani si hoja.

Tupige hesabu kidogo. Chukua gari dogo la petroli la gia tano. Uwiano wa gia, yaani injini inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenye giaboksi, hutofautiana gari na gari, lakini namba kama hizi ni za kawaida: ya kwanza 3.5, ya pili 1.9, ya tatu 1.3, ya nne 0.97, ya tano 0.8. Shika mizunguko uliyonayo, zidisha kwa uwiano wa gia unayoiendea, gawanya kwa ule wa gia unayoiacha. Uko ya tatu, injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, unaruka kwenda ya tano: 3,000 mara 0.8 gawanya kwa 1.3, unaangukia kama 1,850. Barabara ikiwa tambarare, injini haina neno. Sasa toka ya kwanza kwenda ya tatu kwa 3,000 hiyo hiyo. Unaangukia 1,100, na gari linaanza kutetemeka kama lenye homa.

Mara zote mbili umeruka gia moja tu. Lakini gia za chini zimeachana sana, za juu zimekaribiana. Kwa hiyo kuruka kwenda juu huanzia ya pili au ya tatu. Kutoka ya kwanza, nenda ya pili tu, labda uwe unateremka. Na ukilazimisha injini kuvuta mzigo kwa mizunguko 1,000 ukidhani unaokoa mafuta, unalipa kwingine: kila mlipuko ndani ya silinda unapiga kwa kishindo kwenye beringi za krankshafti, ile shafti kuu ya injini, na kwenye flaiwili, gurudumu zito lililofungwa mwishoni mwake, na injini ya petroli huweza kuanza kugonga. Ukikanyaga mafuta na gari halijibu ila linanguruma tu, rudi chini gia moja.

Kushuka ndiko kwenye hatari. Kutoka ya tano kwa mizunguko 2,000 kwenda ya tatu unapanda hadi 3,250, salama kabisa. Kutoka ya tano ukiwa 100 kwa saa, mizunguko karibu 3,000, ukachomeka ya pili: 7,125. Injini nyingi za namna hii mstari wake mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko, uko 6,000 hadi 6,500. Kifaa cha kukata mafuta injini ikifika kikomo hicho hakikusaidii hapo, kwa sababu si mafuta yanayoizungusha injini, ni magurudumu. Vavu zinashindwa kurudi kwa wakati na pistoni inazigonga. Wapo wanaodhani wakishikilia klachi chini wako salama. Injini, ndiyo. Lakini ukishachomeka gia, pleti ya klachi inazungushwa na magurudumu hata kama mguu uko sakafuni, na kwa kasi hiyo inaweza kupasuka.

Kosa hili mara nyingi hutokana na mkono. Tazameni kijiti cha gia kwenye gari la usukani wa kulia. Ya tano iko juu upande wa paja lako. Ya pili na ya nne zote huvutwa nyuma. Kijiti kina springi inayokirudisha katikati, kwenye njia ya tatu na nne. Ukitoka ya tano kwenda ya nne, vuta mpaka frii, pasipo na gia yoyote, kiache kijisogeze chenyewe, kisha vuta nyuma. Anayekikamata kwa ngumi na kukisukuma kushoto anakutana na ya pili. Ukiitaka ya pili kwa makusudi, geuza kiganja kitazame upande wa abiria, usukume kushoto mpaka kigote, ndipo uvute. Ukiitaka ya nne, vidole viwili vinatosha.

Ndani ya giaboksi, meno ya gia za mbele yameshikana muda wote. Unachosogeza ni bangili inayofunga gia kwenye shafti. Kabla haijafunga, pete ya shaba ya sinkronaiza inajisugua kwenye koni ya gia mpaka kasi zilingane. Ni breki ndogo. Ukiruka gia, tofauti ya kasi inakuwa kubwa na breki hiyo inafanya kazi ndefu zaidi. Ndiyo maana kijiti hukataa kwa nukta kidogo, kisha huingia kama kwenye siagi. Kipe hiyo nukta. Anayekisukuma kwa bega anaimaliza pete, na ya pili ndiyo hutangulia kulia, maana ndiyo inayopokea mruko mrefu kuliko zote.

Tuje barabarani. Matuta yako mbele, uko ya nne, 70 kwa saa. Ondoa mguu kwenye mafuta, acha gia ilivyo, kanyaga breki. Ukifika kama 30, injini iko karibu na 1,100 na inataka kulalamika: kanyaga klachi, weka ya pili, ongeza mafuta kidogo tu, achia klachi taratibu. Injini inatua kama 2,100. Endelea na breki mpaka 15, vuka tuta, ondoka na hiyo hiyo ya pili. Ya tatu hukuigusa, na hukuihitaji. Breki ndiyo iliyopunguza mwendo. Pedi za breki ni rahisi kubadilisha kuliko klachi, ambayo ni lazima giaboksi ishushwe. Usichokifanya ni kukanyaga klachi tangu 70 na kuelea nayo mpaka kwenye tuta. Hapo gari liko mikononi mwa breki peke yake.

Kulipita lori ni kinyume chake. Uko nyuma yake, 80 kwa saa, ya tano, mizunguko kama 2,350. Weka ya tatu kabla hujatoka kwenye mstari wako, si ukiwa tayari ubavuni mwa lori. Klachi, mafuta kidogo injini ipande kuelekea 3,800, ya tatu, achia. Usipoongeza mafuta, gari litanyong'onyea ghafla kama limepigwa breki, na kwenye barabara yenye mvua gurudumu laweza kuteleza. Ukishapita na kurudi upande wako, toka ya tatu nenda ya tano moja kwa moja.

Kwenye mwinuko, kila ukikanyaga klachi gari linapoteza mwendo. Kupangua tano, nne, tatu ni kupoteza mara mbili. Ukiona mlima unakula mwendo haraka, ruka mara moja.

Mteremko una sheria yake. Anayetoka Iringa kushuka mlima Kitonga na lori lenye mzigo achague gia akiwa bado juu, kabla lori halijaanza kusukumwa. Usemi wa gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia ulifaa injini za zamani; lori la sasa lenye nguvu hupanda kwa gia kubwa, basi teremkia ya chini yake. Kuruka gia katikati ya mteremko ni kucheza kamari: ukipita frii na gari likaongeza kasi, gia inaweza isiingie tena kabisa. Wakenya wanaujua mteremko wa Salgaa kwa sababu hiyo hiyo ya malori kuteremka frii. Eti kuokoa mafuta! Injini ya kisasa yenye mfumo wa elektroniki, ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, hukata mafuta kabisa. Ukiwa frii inaendelea kunywa ili isizime.

Malori makubwa yenye giaboksi ya chapa ya Fuller isiyo na sinkronaiza yanataka klachi mara mbili: kanyaga, toa gia, achia, rekebisha mizunguko, kanyaga, weka gia, achia. Kwa kupanga unasubiri mizunguko ya injini ishuke, kwa kupangua unaipandisha mizunguko hiyo kwa mafuta. Likiwa tupu, kuruka ni kawaida, hakuna haja ya kupitia kila kituo. Ila usikanyage klachi mpaka sakafuni lori likiwa linatembea. Inchi ya mwisho ina breki ya klachi, na hiyo ni ya wakati umesimama. Canter tupu kwenye tambarare huondoka na ya pili. Ikiwa na mzigo, au pua ikitazama mlima, ondoka na ya kwanza.

Mmoja ameuliza kuhusu bodaboda. Pikipiki haiwezi kuruka, ngoma yake ya gia inapita kila namba kwa zamu. Unachoweza ni kushika klachi na kushusha mbili mfululizo, kisha uachie mara moja.

Na oili. Giaboksi nyingi za mkono hutaka oili ya uzito wa 75W-90, daraja la GL-4. Oili ya difu ya GL-5 mara nyingi huwa na viungo vinavyoweza kuila shaba ya pete za sinkronaiza, na utelezi wake huzinyima msuguano. Fuata kitabu cha gari, maana yapo yanayotaka hiyo GL-5. Kujua kama pete zimekwisha, gari likiwa limepata moto toka ya nne kwenda ya pili kwa 30, polepole, kisha rudia kwa haraka. Ikilia kwenye haraka tu, pete zimechoka. Ikilia hata kwenye polepole, kwanza angalia kama klachi inaachia sawasawa: simamisha gari, kanyaga klachi, hesabu mpaka tano, weka rivasi. Ikikwaruza, tatizo ni klachi. Usikubali giaboksi ifunguliwe kabla hilo halijatazamwa.