mAh 5,000 Zisikupumbaze: Namna ya Kulinganisha Betri za Simu Mbili

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Tuanze na namba ambayo kila mnunuzi wa simu huikimbilia: mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri. Simu hii ina 4,000, ile ina 5,000, basi mtu anabeba ya 5,000 akiamini itakaa na chaji zaidi kwa robo nzima. Namba yenyewe ni ya kweli, ila inajibu nusu tu ya swali. Inasema betri inabeba kiasi gani. Haisemi simu inakula kiasi gani kwa saa.

Tupige hesabu. Betri nyingi za simu za sasa zina volti ya wastani ya karibu 3.85. Zidisha mAh kwa volti, gawa kwa 1,000, unapata wati-saa, yaani nishati yenyewe. Betri ya 4,000 ina wati-saa 15.4, ya 5,000 ina 19.25. Tuseme simu ndogo ikicheza video inashuka asilimia 10 kwa saa: inakula wati 1.54. Kubwa nayo ikishuka asilimia 10 kwa saa, inakula wati 1.93. Zote mbili zinadumu saa 10. Zile mAh 1,000 za ziada zimemezwa na kioo kikubwa au chipu yenye uchu, na mwenye simu hakuambulia hata dakika moja. Ameambulia uzito mfukoni.

Hesabu hiyohiyo inafichua pawabenki. Ile iliyoandikwa 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7, kwa hiyo ina wati-saa 37. Umeme unapandishwa hadi volti 5, kisha simu inaushusha tena, na kila hatua inapoteza nishati kama joto. Zikifika theluthi mbili kwenye betri ya simu, shukuru. Hizo ni karibu wati-saa 25: chaji moja kamili ya simu ya 5,000 na kipande kidogo juu yake. Wale wanaongoja chaji mbili watangoja sana.

Sasa, simu mbili ziko mezani, unataka kuzipima kwa haki. Zikiwa mpya, ziache siku moja au mbili kwanza, maana simu iliyotoka kuwashwa inasasisha programu na kupanga picha kimyakimya, na huo si ulaji wake wa kawaida. Weka akaunti zilezile, Wi-Fi ileile, laini za kampuni moja.

Kisha zima mwanga wa kujirekebisha. Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika: mtu anaweka mwanga nusu kwa nusu kwenye simu zote mbili, anadhani amezisawazisha. Nusu ya simu moja inaweza kung'aa mara mbili ya nusu ya nyingine. Fungua ukurasa mweupe kwenye zote, zilaze ubavu kwa ubavu ndani ya chumba chenye giza, urekebishe mpaka jicho lisione tofauti. Kasi ya kioo, yaani mara ngapi kwa sekunde kinachora picha upya, nayo iamue mapema: ama zote hezi 60, ama kila moja kama itakavyotumika.

Chaji hadi 100, lakini usianze kuhesabu hapo. Simu nyingi hukaa kwenye 100 kwa muda mrefu kuliko zinavyostahili, na asilimia za mwisho nazo hukimbia. Hesabu kuanzia 90 hadi 40, halafu uzidishe muda huo kwa mbili. Pima mambo matatu mbalimbali: faili moja ya video iliyo ndani ya simu, kuperuzi kwa data ya laini, na usiku mzima simu ikiwa imefungwa.

Kwa nini video peke yake haitoshi? Kwa sababu chipu ina sehemu maalumu ya kufumbua video, na prosesa kuu karibu inasinzia. Matangazo yanapenda saa za video kwa sababu hiyo. Lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza tarehe 20 Juni 2025, ni afadhali zaidi: inaonyesha saa na dakika za chaji moja kwa kipimo kimoja kwa simu zote, pamoja na idadi ya mizunguko ya kuchaji kabla betri haijashuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake. Sharti ni mizunguko isiyopungua 800.

Twende kwenye walaji wa chaji. Kioo mnakijua. Niongeze tu kwamba mandhari meusi yanasaidia kioo cha OLED, ambamo nukta nyeusi haiwaki. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka palepale, hivyo hakuna unachookoa. Hata kwenye OLED, utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wa mwaka 2021 ulikuta akiba ya asilimia 3 hadi 9 tu mwanga ukiwa kati ya asilimia 30 na 50. Ukiwa kamili, akiba ilifika asilimia 39 hadi 47. Kwa hiyo kushusha mwanga ndiyo dawa ya kwanza.

Mlaji anayesahaulika ni mtandao. Kwenye simu nyingi za Android, fungua Mipangilio, Kuhusu simu, hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm, kipimo ambacho hapa husomwa kwa namba hasi. Kwenye 4G, hasi 85 ni nzuri, hasi 115 ni taabu. Kila 10 inayoshuka ni mawimbi hafifu mara 10, kwa hiyo kati ya hizo mbili kuna tofauti ya mara 1,000. Simu inayosikia mnara kwa shida inalazimika kupaza sauti ili nayo isikike, hadi kikomo cha karibu miliwati 200 kwenye antena, na kikuza mawimbi kinakula zaidi ya hapo ili kuzitoa. Ndiyo maana simu ileile inashinda vizuri mahali fulani na kufa adhuhuri pengine, na lawama zinaangukia betri. Mwenye laini mbili aangalie: ile isiyo na mtandao inatafuta mnara mchana kutwa. Izime. Ndani ya nyumba yenye mawimbi hafifu, washa simu za sauti kupitia Wi-Fi.

Kufunga programu moja moja kwa kuzitelezesha juu? Kazi bure mara nyingi. Ukiifungua tena inaanza upya na kula zaidi. Inayokula usiku utaiona kwenye orodha ya matumizi ya betri. Ibane hiyo peke yake.

Betri iliyochoka inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu haipungui ujazo tu. Ukinzani wake wa ndani unapanda. Chukua betri yenye volti 3.7, simu ikionyesha asilimia 25. Unafungua kamera na kuwasha flashi. Simu inavuta ampea 2 kwa ghafla. Betri mpya yenye ukinzani wa omu 0.1 inashuka volti 0.2 na kubaki 3.5. Iliyochoka, yenye omu 0.3, inashuka 0.6 na kubaki 3.1. Kama simu imepangwa kujizima kwenye 3.2, inazima papo hapo, na ukiiwasha inaonyesha chaji bado ipo. Baridi nayo inapandisha ukinzani vivyo hivyo. Kuimaliza chaji kabisa na kuijaza upya kunaweza kurekebisha namba inayoonyeshwa, lakini hakuifufui betri.

Kinachoizeesha haraka ni joto likikutana na chaji iliyojaa: simu kwenye chaja, chini ya mto, huku mchezo unaendelea. Kikomo cha asilimia 80, kama simu yako inacho, kiwashe. Uwezo wa betri ukishuka chini ya asilimia 80 ya ule wa upya, badilisha betri kabla ya kufikiria simu nyingine. Na ukiona kioo kimeanza kuinuka pembeni au mgongo umetuna, betri imevimba: acha kuchaji, usiibonyeze wala kuitoboa, izime na umpelekee fundi.